Punda wa Tamsin Alivyosingiziwa

Jethro Amblin alikutwa mtaroni kando ya malisho, fuvu limepasuka, kofia imewekwa vizuri kifuani. Kufikia mchana kijiji kizima cha Marlcombe kilikuwa kinasema kapigwa teke na punda wake. Aliyeanza kusema hivyo ni Silas Harcup, msimamizi wa mashamba ya tajiri mwenye ardhi ya kijiji. Tajiri alitaka kuyazungushia ua malisho yetu sote yawe yake, na Jethro alikuwa ameving'oa vigingi vya Harcup mara mbili, mchana kweupe.

Mimi nilikuwa mfua nguo wa nyumba ya kasisi, na Tamsin, mke wa marehemu, ni shoga yangu tangu utotoni. Tulipokuwa tunaosha maiti akanishika mkono.

"Lettice, kwato gani hii yenye pembe?"

Nikatazama. Jeraha lilikuwa na kona, kama limepigwa na kitu cha mraba.

"Halafu punda mwenyewe hayupo," akasema. "Jethro alimpeleka kwa Obed juzi, kwato zinamsumbua."

Tukavuka bonde hadi kwa Obed mhunzi. Punda alikuwa amefungwa pale, mguu mmoja umeviringishiwa vitambaa, anakula majani.

"Hajatoka hapa tangu aletwe," Obed akasema. "Na kwa mguu huo, shemeji, hata inzi hawezi kumpiga."

Tulipokuwa tunarudi tuliwakuta vibarua wa Harcup wakigongelea vigingi kwa mawe. Nikawauliza nyundo yao kubwa ya mbao iko wapi, ile ya kichwa cha mraba. Mmoja akajibu kwamba bwana msimamizi aliondoka nayo jioni aliyokufa Jethro, hajairudisha.

Hakimu wa kuchunguza vifo alikuja, akaketi kilabuni na wanaume kumi na wawili wa kijiji waliochaguliwa kuamua, wote wapangaji wa tajiri. Tamsin akaeleza yote, bila kulia. Harcup alipoulizwa habari za nyundo akasema, "Ni yangu. Naiweka ninapotaka." Hakuna aliyemwambia ailete.

Akaitwa Obed. Akamtazama Harcup kwanza.

"Huenda punda alikata kamba, mheshimiwa, kisha akarudi."

"Obed," Tamsin akasema, "si wewe uliyesema hata inzi hawezi kumpiga?"

"Nilikuwa nakutania, shemeji."

Kutania! Mwili wa mtu uko chumba cha pili, bado haujazikwa, yeye anatania.

Wakaamua kwamba punda ndiye aliyeua. Na kwa sheria ya wakati ule, mnyama aliyeua mtu alitwaliwa na serikali. Kwa hiyo Tamsin akanyang'anywa hata punda.

"Basi mleteni hapa," akawaambia, "tumwone anavyorusha teke na mguu huo."

Wakacheka. Niliwaona waliocheka, na nusu yao mashati waliyovaa nimeyafua mimi.

Mlangoni Harcup akamwinamia. "Pole sana, mama. Mnyama hana shukrani."

"Najua," Tamsin akajibu. "Nimekuwa nikimtazama tangu asubuhi."

Kasisi akanitaka nimwombe Harcup radhi kwa kuulizia nyundo yake, la sivyo niache kazi. Nikaacha. Ua ulimalizika kabla ya mavuno, na Harcup sasa ni mzee wa kanisa, mzima wa afya. Mimi nafua pamoja na Tamsin nyumbani kwake. Kila anayetuletea nguo tunamwambia nani alimuua Jethro. Wanaitikia kwa kichwa, wanajua, kisha wanauliza nguo zitakuwa tayari lini.