Kabla ya Fatiha

Mjomba Zakariya alikuwa na tabia moja iliyojulikana Kibokoni nzima: akishasoma fatiha juu ya jambo, jambo hilo limekwisha. Harudi nyuma hata ardhi ipasuke. Miaka ishirini iliyopita alinunua cherehani kwa mtu, wakasoma fatiha, akafika nayo nyumbani akakuta mguu umevunjika na kuungwa kwa gundi. Watu wakamwambia mrudishie mwenyewe. Akasema, "Nimrudishie vipi, na fatiha nimeisoma?" Cherehani hiyo ipo mpaka leo, kiguru, imeegemezwa kwa tofali, na kanzu za nusu ya mji zimepita juu yake.

Shifa aliikumbuka cherehani ile tangu walipoteremka kwenye tuk-tuk pale Ganjoni, mbele ya yadi ya magari. Asubuhi ile mjomba alikuwa amevaa kanzu mpya na kofia ya vito, amejipaka mafuta mazuri. Alivaa kama mtu anayekwenda kuposa. Shifa akajua leo fatiha itasomwa.

Gari lenyewe lilikuwa la umeme, jeupe, limewekwa mbele ya mengine yote. Lilikuwa la Shifa, kwa maana ya kwamba yeye ndiye angeliendesha. Leseni yake ilikuwa na mwaka mzima sasa, imelala ndani ya kipochi haijafanya kazi. Wanawake saba wa Kibokoni walikwisha kumpa neno: watoto wao awapeleke skuli Kizingo asubuhi, na wao wenyewe awapeleke kiliniki, sokoni, harusini, bila ya kukaa na dereva mwanamume wasiyemjua. Mamake, Mwanakhamis, alivua bangili zake zote sita ili mjomba aongezee. Bangili za mama hazioti tena kama kucha. Fedha ile ilitosha gari moja tu.

Fikira yenyewe ya gari la umeme aliileta mjomba. Kabla ya Ramadhani, mwezi wa mlisho, palikuwa na harusi ya Nabiha, jirani yao. Biharusi aliletwa na gari jeupe lisilotoa sauti. Lilifika mwanzo wa kichochoro kimya kimya, mpaka watoto wakakimbia wakisema linaendeshwa na jini. Shifa hakuliona, alikuwa ndani akiwavisha wanawake vikuba, vile vishada vya asumini na rehani vya kubandika kifuani. Lakini mjomba aliliona, akarudi nyumbani akiwa hana hadithi nyingine. "Halinywi petroli, Mwanakhamis! Unalichomeka ukutani kama simu!"

Basi ndiyo hiyo fikira, na ndiyo iliyowafikisha mbele ya Sameer.

Sameer alikuwa muuzaji wa pale, kijana wa Kihindi wa papo hapo Mombasa, ndevu zake zimechongwa kwa wembe, ulimi wake una asali.

"Shikamoo mzee wangu. Karibuni, karibuni. Kahawa ije?"

"Marahaba. Kahawa si vibaya."

"Ndilo hili, mzee. Jipya. Limeteremka bandarini wiki mbili tu zilizopita, halijaguswa na mtu. Kilomita sifuri. Nailoni hizo za viti ziko vile vile zilivyotoka kiwandani." Akaligonga bati kidogo kwa vidole. "Gari la umeme ni kama mke mwema. Halili, halipigi kelele."

"Mke asiyekula huyo mgonjwa," mjomba akasema. "Mpeleke hospitali."

Sameer akacheka mpaka akashika kifua. Alijua kucheka na wazee. Akamtazama Shifa. "Na huyu dada atakaa nyuma kama malkia."

"Huyo ndiye dereva."

"Ah! Basi itabidi serikali iwapanulie watu barabara."

Tangu Shifa alipotoka skuli darasa la nane, kazi yake na mamake ilikuwa kutunga asumini. Kazi hiyo haina maneno mengi. Unakaa na ungo wa maua mapajani, unatazama. Utajua tumba litakalochanua usiku huu, na lile lililokwisha kuchoka ijapokuwa bado jeupe. Kwa hivyo alikuwa akitazama. Aliona kwamba Sameer kila akilisema gari, humtazama mjomba usoni, halitazami gari.

"Liwashe tulione," Shifa akasema.

"Haliwashwi, dada," Sameer akajibu akimtazama mjomba, si yeye. "Gari jipya betri yake imefungwa kwa usalama. Fundi wetu anakuja kulifungua mkishamaliza. Na ile nailoni juu ya skrini, mwenye gari ndiye anayeibandua kwa mkono wake. Ndiyo baraka yake."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali. Neno baraka humfika haraka.

Kahawa ikaja, na haluwa ikaja. Wanaume wawili wakakaa kwenye viti karibu na meza, hatua kama kumi kutoka kwenye gari, wakaanza bei. Nyuma yao palikuwa na ofisi ya vioo, na ndani yake mwenye yadi, Mzee Haroon, amevaa miwani, anasoma karatasi zake.

"Naweza kukaa ndani?" Shifa akauliza.

"Kaa, dada, kaa. Usibandue kitu tu."

Akaingia kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango. Ukafunga kwa sauti laini kama mto ulioanguka. Kwa muda akasahau yote. Usukani ulikuwa baridi. Alijiona yuko Kizingo, chini ya miti ile mikubwa, watoto wamejaa nyuma wakigombania dirisha.

Kisha akavuta pumzi, akasikia harufu ya udi.

Akavuta tena. Udi, si mafuta ya dukani ya kupulizia gari. Udi wa kuchomwa, umeingia kwenye kitambaa cha dari. Akajiambia labda wanafukiza yadi yote asubuhi. Lakini huko nje alipita kati ya magari manne yaliyofunguliwa milango, na yote yalinuka plastiki.

Nje, mjomba alikuwa akicheka. Bei ilikuwa inateremka, na kwa wepesi uliomtia Shifa wasiwasi.

Akageuka nyuma. Nailoni ya kiti cha nyuma ilikuwa nyeupe, safi, lakini pembeni ilikunjwa kwa mkono na kushikizwa kwa utepe wa karatasi. Akapeleka mkono, akaingiza vidole pale mgongo wa kiti unapokutana na pa kukalia, pale ambapo kila mwanamke hutafuta hereni iliyopotea. Akapapasa mpaka pembeni. Kitu kikavunjikavunjika chini ya kidole chake. Akakivuta taratibu.

Kilikuwa kikuba. Kimekauka, kimekuwa rangi ya chai, asumini zimesinyaa na rehani imebaki vijiti. Lakini uzi ulikuwa mzima. Uzi wa hariri, kijani, umefungwa mafundo matatu, la tatu limepindwa kushoto.

Hakuhitaji kukitazama mara mbili. Mkono wa mamake ndio uliofunga kushoto, kwa sababu kidole gumba cha kulia kilikatwa na kisu zamani. Na uzi wa kijani ulitumika kwa harusi moja tu.

Shifa akakaa nacho mkononi. Mtu asidhani alifurahi kwa kugundua. Alikasirika na kikuba. Akatamani angekirudisha pale pale kwenye ufa, apige kimya, gari liwe lake. Kilomita chache za harusi ni nini? Lakini kama ni harusi moja tu, kwa nini nailoni? Kwa nini betri ifungwe? Na kama betri imekwisha kula nusu ya umri wake, siku itakayomzimikia njiani na watoto wa watu ndani, atampigia nani?

Akainua macho. Kule mezani Sameer alikuwa amekwisha kuondoa vikombe. Karatasi zilikuwa zimewekwa. Mjomba alikuwa akisogeza kofia yake mbele, kama afanyavyo.

"Basi mzee, kheri haicheleweshwi," sauti ya Sameer ilipita kwenye kioo kwa mbali. "Tusome fatiha."

Shifa akashika mlango. Haukuwa na kishikio, palikuwa na kitufe. Akabonyeza. Kimya. Gari limezimwa. Akabonyeza tena kwa nguvu, kucha ikapinda. Kule mjomba alikuwa anaiweka fimbo yake chini apate kufungua viganja. Shifa akagonga kioo. Hakuna aliyegeuka. Akagonga kwa ngumi. Mjomba aliwahi kusema kwamba msichana anayeingilia maneno ya wazee kwenye biashara anamvua nguo baba yake. Yeye hakuwa na baba, alikuwa na mjomba huyu. Akapapasa chini ya kitufe, akakuta kijiti kidogo cha kuvuta, akakivuta.

Mlango ukafunguka, na sauti iliyomtoka hakuwahi kuisikia kwake.

"Mjomba, ngoja!"

Viganja vya mjomba vilikuwa juu. Vikabaki hapo hapo. Uso wake ukabadilika. "Shifa! Hujui fatiha haikatizwi?"

"Haijaanza, mjomba. Hujasema bismillahi."

Mjomba akafikiri. Alikuwa mtu wa haki hata akiwa na hasira. Akavishusha viganja polepole mpaka magotini. "Kweli, sijasema. Ndoo hapa, Shifa. Una nini?"

Shifa akaenda, akakiweka kikuba juu ya karatasi za mauzo.

Sameer akacheka, lakini mara hii hakushika kifua. "Ua tu hilo, dada. Limekudondoka wewe."

"Mimi sikuvaa kikuba leo."

"Basi wafagiaji wetu. Na joto hili la Mombasa, ua linakauka siku moja. Mzee, tusipoteze baraka kwa ajili ya..."

"Utazame uzi, mjomba," Shifa akasema.

Mjomba akavaa miwani yake. Fundi cherehani hatazami ua, hutazama uzi. Akaushika kwa ncha za vidole, akauelekeza kwenye mwanga wa mlango, akaupindua mara moja. Kijana aliyekuwa akiosha magari pale yadini akafunga mfereji asikie.

"Uzi huu," mjomba akasema, "nimeuchomoa mimi. Kwa sindano, kwenye mabaki ya nguo ya Nabiha, usiku kucha, maana mamake alitaka vikuba vifanane na nguo. Nikampa dadangu Mwanakhamis. Ulitosha vikuba kumi na viwili." Akamtazama Sameer. "Mwezi wa mlisho, kijana. Gari lako limeteremka bandarini wiki mbili zilizopita. Biharusi wa mlisho alilipanda vipi? Akiwa baharini?"

Sameer akaanza kuzikusanya karatasi za mauzo.

"Liwashe," mjomba akasema.

"Fundi hayupo, mzee. Nimeeleza..."

Mlango wa ofisi ukafunguka. Mzee Haroon alisimama hapo, miwani mkononi. Haikujulikana alikuwa akisikiliza tangu lini. "Sameer," akasema kwa upole. "Liwashe."

Sameer akatoa kifunguo mfukoni mwake. Kilikuwa mfukoni muda wote. Akaibandua nailoni ya skrini, ile ya baraka, na taa zikawaka. Shifa akainama kusoma, taratibu, namba moja moja, ili asikosee mbele ya watu.

"Elfu kumi na moja, mia mbili na arobaini."

"Tulilikodisha kwa maharusi," Mzee Haroon akasema. "Na wateja wakilijaribu. Gari zima hilo, Bwana Zakariya, wallahi. Kijana amekosea, lilikuwa lisemwe. Nawapunguzia laki nne, mlichukue leo. Bei hiyo hamtaipata Mombasa."

Laki nne. Shifa akazisikia masikioni. Hapo bangili mbili za mama zingerudi. Mjomba naye alizisikia. Akamgeukia Shifa, na kwa mara ya kwanza tangu waingie, watu wote pale wakamtazama yeye.

"Wewe ndiye utakayeendesha. Sema."

Shifa akatazama gari jeupe, akatazama jingine la umeme lililokuwa nyuma, la buluu, nalo na nailoni zake. Akamwuliza Mzee Haroon kwa adabu: "Na lile la buluu, baba, nalo ni jipya?"

"Jipya," akajibu Mzee Haroon.

Lakini Shifa hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Sameer, na Sameer alikuwa ameyateremsha macho kwenye viatu vyake.

"Twende, mjomba," akasema.

Wakatoka. Nyuma yao Mzee Haroon aliita mara moja, laki nne zikawa nne na nusu, kisha sauti yake ikageukia kwa Sameer na haikuwa ya upole tena. Jua la Ganjoni likawapiga usoni. Leseni ilikuwa bado kwenye kipochi. Kesho wanawake saba watauliza.

Mjomba alisimama kando ya barabara, amekishika kikuba kama kifaranga.

"Mato yangu mimi hushona," akasema. "Yako huona. Ile cherehani ningekwenda nawe."

"Nilikuwa na miaka minne, mjomba."

"Hata hivyo." Akaiegemeza fimbo kwenye ukuta, akasogeza kofia mbele. "Gari litakuja, ikiwa mwezi huu, ikiwa mwakani. Na likija, atakayelichagua ni wewe, si mimi. Mimi nitakaa ninywe kahawa. Fungua mikono tusome juu ya hilo."

Shifa akamtazama aone kama anafanya mzaha. Viganja vyake vilikuwa vimekwisha kupanda. Tuk-tuk ikasimama mbele yao, dereva akachungulia.

"Mwaenda ama mwaomba?"

"Ngoja," mjomba akamwambia. "Hili halina kurudi nyuma."

Akasema bismillahi. Shifa naye akainua mikono.