Pindo la Inchi Nne

Wifi aliniletea kitambaa siku ya Jumatatu, kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko, akanitajia kazi akiwa bado amesimama mlangoni. Suruali nne na mashati manne ya mtoto mdogo.

"Ya nani?" nikamuuliza.

"Ya mtoto wa jirani yangu. Analingana na Kibonge. Wewe tumia tu kipimo cha Kibonge, usijisumbue."

Kibonge ni mwanangu wa kwanza. Siku hiyo alikuwa na miezi kumi na mmoja, na alikuwa chini ya meza ya cherehani akila chaki yangu. Mdogo wake alikuwa tumboni, miezi saba, akinipiga teke kila nilipokanyaga pedali. Kwa hesabu ya nesi wa kliniki, hawa wawili wangepishana miezi kumi na mitatu.

"Na pindo la suruali acha kubwa," wifi akaongeza. "Inchi nne."

"Inchi nne, mtoto wa umri huu? Si atatembea amefungwa magodoro miguuni."

Akacheka. "Watu siku hizi wanataka nguo ya kudumu, wifi yangu. Wewe shona."

Sikumtilia shaka. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Watoto wake mwenyewe wameshaoa na kuolewa, anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Nyumbani kwetu akisema jambo, mume wangu husikiliza kwanza, kisha ndipo hufikiria, kama akikumbuka kufikiria.

Wiki ile nilikuwa na mambo mengi kichwani. Kujiandaa kwa mtoto wa pili wakati wa kwanza hajaacha kubebwa si kazi ya mchezo. Nguo za Kibonge alizoacha kuzivaa juzi tu nilikuwa nazifua tena. Beseni lake la kuogea nilikuwa naliziba ufa. Cherehani niliisogeza dirishani ili chumba kipate nafasi ya kitanda kipya. Na wateja hawakuniacha nipumue. Mmoja, mwalimu wa shule, aliniangalia tumbo, akamwangalia Kibonge, akaniangalia tumbo tena.

"Nyinyi gari lenu halina breki?"

"Breki zipo," nikamjibu. "Dereva ndiye tatizo."

Alicheka mpaka akasahau kuchukua sketi yake.

Kitu kimoja tu ndicho sikuwa na wasiwasi nacho, nacho ni kitanda. Mume wangu ni seremala, karakana yake iko nyuma ya nyumba. Tulikubaliana angetengeneza kitanda kimoja kipana, futi nne kwa nne, chenye kizuizi katikati kinachochomoleka. Upande huu Kibonge, upande ule mdogo wake. Mchoro niliuchora mimi, kwenye karatasi ninayokatia mitindo, na yeye akausifu.

Mume wangu ana utaratibu wake wa kazi. Kila kipimo hukiandika kwa penseli ukutani, kando ya mlango wa karakana, na jina la kitu chenyewe. Ukutani pasipoandikwa, msumeno hauguswi. Ukitaka kujua anachotengeneza, usimuulize, soma ukuta.

Alhamisi saa nne asubuhi nilimpelekea chai, Kibonge kiunoni. Nikasoma ukuta. *Kitanda mtoto, 2 kwa 4.*

Nikadhani macho yangu yananidanganya. Lakini hata fremu ilikuwa tayari kwenye meza yake, imeshapigwa gundi na kubanwa. Kitanda chembamba, cha mtoto mmoja.

"Umekosea," nikamwambia. "Tulisema nne kwa nne."

"Sijakosea."

"Basi umesahau."

Akaendelea kupiga randa. "Mbao hazikutosha."

Nyuma yake mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani mpaka darini. Mume wangu hajui kusema uongo. Akidanganya, masikio yake huanza kusogea kabla mdomo haujamaliza.

"Kibonge atalala wapi?"

Randa ikasimama. Alipuliza maranda pale pasipokuwa na maranda.

"Wifi yako alisema angekuambia mwenyewe."

Nilisimama pale na kikombe cha chai, na kichwa changu kikaanza kushona vipande. Nashona nguo za watoto mwaka wa tisa sasa. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuziunga tena, na kila mtoto ninayempima namwandika. Najua mguu wa mtoto wa umri huu hurefuka kama inchi mbili kwa mwaka. Inchi nne ni miaka miwili. Na wifi hana jirani mwenye mtoto. Upande mmoja anakaa mzee mstaafu na redio yake, upande wa pili ni ghala la saruji. Hayo yote niliyajua tangu Jumatatu, ila sikuyaweka pamoja.

Suruali tatu zilikuwa tayari. Ya nne ilikuwa na pini. Mwanangu nilimkalisha mapajani nikampima shingo, nikamtekenya ili atulie, nikamshonea kwa mikono yangu nguo za kuondokea nyumbani kwake.

"Ni kwa ajili yako," mume wangu akasema. "Nesi si alisema upumzike? Watoto wawili wa kubebwa, na cherehani, na tumbo. Dada ana nafasi. Ni mpaka huyu mdogo atembee."

"Atembee lini?"

"Mwaka hivi. Mwaka na nusu."

"Pindo linasema miwili."

Akageuka, akakaza kibano kwenye fremu.

"Mlikubaliana lini?"

"Mwezi uliopita."

Mwezi mzima. Mwezi mzima alikuwa ananisikia nikimwambia Kibonge kwamba mdogo wake anakuja, kwamba watalala kama pacha waliokosea tarehe, na alikuwa anatabasamu. Hasira ilinipanda taratibu, kama maji ya chungu kizito. Sikupiga kelele. Chai yake nilimmwagia chini ya meza, kwenye vumbi la mbao, nikaondoka na kikombe.

Nitasema kweli, maana bila hili hasira yangu haieleweki. Aliposema Kibonge aende, kuna pahali ndani yangu palishusha pumzi. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka maishani. Angeniuliza, labda ningelia, labda ningekubali wiki mbili tatu za kwanza. Sijui. Hakuniuliza, kwa hiyo sitajua kamwe ningejibu nini, na hilo ndilo sikuweza kumsamehe. Walinizunguka, wakapanga, kisha wakanipa mimi kazi ya kushona.

Siku ya Ijumaa nilifanya kazi moja tu. Nilifumua pindo la kila suruali, uzi kwa uzi, nisichane kitambaa. Nikamsimamisha Kibonge akiwa ameshika kiti, nikaweka alama ya chaki kwenye kifundo cha mguu. Nikakata. Nikapinda upya, nusu inchi, pindo la mtoto anayekaa kwao. Vipande vinane vya kitambaa vikabaki sakafuni, na Kibonge akavigombania kana kwamba kuna mwingine anayevitaka.

Nyumbani tulikuwa tunazungumza kupitia kwake.

"Kibonge, mwambie baba yako chakula kiko mezani."

"Kibonge, mwambie mama yako asante."

Kibonge alitujibu wote wawili kwa mapovu ya mate.

Jumamosi asubuhi wifi alifika. Alikuwa na begi jipya la magurudumu, dogo, akaliegemeza mlangoni kama mwavuli. Mume wangu aliitwa kutoka karakana, akasimama kando ya cherehani, nyusi zimejaa vumbi la mbao.

Wifi akainua suruali ya kwanza, akageuza mguu nje ndani.

"Umekata pindo."

"Nimekata."

"Si nilikuambia inchi nne, wifi?"

"Uliniambia ni za mtoto wa jirani. Huyo mtoto nilimfahamu baadaye."

Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama bobini ya uzi.

"Sikuwa na nia mbaya," wifi akasema, akakaa. "Nilitaka zikamilike kwanza, ndipo nikuambie, usianze kulia katika hali hiyo."

"Sijalia. Nimekasirika. Ni vitu viwili."

"Wewe hujui kulea wawili wa kubebwa. Mimi najua. Huyu unayemwona," akamnyooshea mume wangu kidole, "nilimbeba yeye na pacha mwenzie aliyefariki, nikiwa na miaka kumi na mitano. Mgongo wangu haujapona mpaka leo. Hakuna aliyeniuliza kama naweza."

Hilo sikuwa nikilijua. Lilinigusa, sitakataa. Lakini halikunituliza.

"Basi wewe kuliko mtu yeyote unajua kutoulizwa kunavyouma," nikamwambia.

Kibonge alitambaa mpaka kwenye begi, akashika gurudumu, akalizungusha. Akacheka. Nikamgeukia mume wangu.

"Fundi. Sema."

"Niseme nini?"

"Ulisema ndiyo kwa dada yako nikiwa sipo. Sasa sema unalotaka nikiwepo."

Alikwaruza gundi iliyokauka kwenye kidole gumba. Nilimwacha akwaruze. Kama angesema mtoto aende, nilikuwa nimeshaamua, ningefunga nguo zangu na za Kibonge, niende na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni.

"Dada, mtoto haendi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Sijasikia," nikamwambia.

"Haendi, Dada. Nilikosea kukubali. Nilipaswa kuongea na mke wangu."

Wifi alikunja ile suruali, akaikunjua, akaikunja tena. Mikono yake ilikuwa inatafuta kazi.

"Na hizi nguo?"

"Atazivaa hapa. Zitamtosha miezi mitatu, kisha nitamshonea nyingine."

"Na mimi?" Aliuliza chinichini, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikuona dada mkubwa, niliona mwanamke mwenye nyumba ya vyumba vitatu.

"Nikijifungua, njoo. Lakini begi lako lije na nguo zako."

Nililisema bila kutabasamu. Sikuwa na tabasamu la kumpa. Alisimama, akambusu Kibonge utosini, akachukua begi lake tupu. Tulisikia magurudumu yakigonga mawe ya njia mpaka barabarani. Kama atakuja au hatakuja, hakusema, na mimi sikumfuata kumuuliza.

Mume wangu akatoka kuelekea karakana. Nikamfuata na Kibonge. Alikuwa ameshika penseli, ameshakata ile *2* kwa mstari na anataka kuandika *4*.

"Mpime kwanza," nikamwambia.

"Nani?"

"Mwanao. Ulimtengenezea kitanda cha kutolala. Hata mlango wa kuku hujawahi kuukata bila kupima."

Akamlaza Kibonge juu ya meza ya kazi, akavuta tepu. Kibonge akaing'ata. Wakavutana, baba na mwana, mpaka baba akashinda.

"Inchi ishirini na tisa," akasema, akaandika ukutani. Kisha akaonyesha tumbo langu, akijaribu mzaha. "Na huyu mteja wa pili?"

Sikucheka. "Huyo umeshalipata jibu lake. Nne kwa nne."

Fremu ile ya zamani ilibidi ibomolewe. Gundi ya mume wangu ni nzuri, katika hilo sijawahi kumlaumu. Alipiga nyundo mpaka alasiri, kiungo baada ya kiungo, jasho likimchuruzika, nami nilikuwa dirishani nashona. Kila pigo nilisikia. Sikumpelekea chai.