Saint Louis kwa Wanaoenda

Tangu arudi Kitengela, Nyakio alikuwa amehama nyumba mara mbili, na mwaka ulikuwa haujaisha. Ya kwanza ilikuwa karibu na barabara ya Namanga, malori yakamkosesha usingizi. Ya pili ilikuwa kimya mno. Hii ya tatu, nyuma ya soko, hakuiona na kasoro yoyote, lakini kila Jumapili baada ya kanisa alijikuta akisoma vibao vya nyumba za kupangisha.

Alikuwa nesi Saint Louis, Marekani, kwa miaka tisa. Aliondoka akimwacha binti yake Caro, wa miaka mitano, kwa bibi yake, Cucu, yaani mama mzazi wa Nyakio. Alisema ni miaka miwili. Kisha karatasi za mtoto zikakwama, na miaka ikajipanga yenyewe. Septemba iliyopita mama yake alifariki, akaja kumzika. Alikusudia kukaa mwezi mmoja.

Sasa ilikuwa mwisho wa Agosti. Kadi yake ya ukaazi ilikuwa na sharti: ukikaa nje ya Marekani mwaka mzima, wanaweza kusema umeiacha. Tikiti yake ilikuwa ya Jumanne. Dadake aliyeishi Matasia alikuwa amekubali kukaa na Caro. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa hakuwa amemwambia Caro.

Jumamosi hiyo alikuwa na kazi. Bwana mmoja aitwaye Bedan, mwenye ofisi ya kupeleka manesi ng'ambo, alikuwa amepata kundi la watu kumi na mmoja wanaoenda Saint Louis. Alitaka mtu wa kuwaeleza mji.

"Wape picha," Bedan alimwambia mlangoni. "Usafiri, baridi, mahali pa kuishi. Mambo ya familia usiguse. Ukigusa watalia, na wakilia hawasafiri."

Ukumbi ulikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Caro, aliyekuwa amefunga shule, alikuja naye kwa sababu nyumbani stima zilikuwa zimepotea. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, simu mkononi.

Nyakio alichora mstari mrefu uliopinda ubaoni.

"Huu ni mto Mississippi. Ng'ambo hii, mashariki, ni Illinois. Huku ni Missouri, na mji uko huku. Ukishuka uwanja wa ndege, usikimbilie teksi. Kuna treni inatoka pale pale hadi katikati ya mji."

Walikuwa wakiandika. Aliwaeleza tao kubwa la chuma lililoko kando ya mto, refu kuliko jengo lolote walilowahi kulipanda, na ndani yake kuna kijigari kinachokupeleka juu. Akawaeleza Forest Park, ambako kuna bustani ya wanyama isiyo na kiingilio.

"Simba tunao hapa Kitengela, na hao pia hawana kiingilio," alisema mmoja, na wote wakacheka.

"Julai mtashangaa," Nyakio aliendelea. "Mnafikiria Marekani ni baridi tu. Joto la pale linakushika kama blanketi lililoloweshwa. Halafu Januari unatoka nje, pua inauma. Na mtu akikupenda kidogo tu, atakuuliza ulisoma high school gani. Hiyo ndiyo salamu yao."

"Nitamwambia nilisoma Kajiado," alisema mwanamke aliyekaa mbele. Aliitwa Soipan, nesi wa hospitali moja huko huko Kajiado. "Madam, na huo mto, mtu anauona kila siku?"

"Hapana. Mimi nilikaa miezi sita bila kuuona. Mji uko mtoni, lakini watu wanaishi wakiwa wameupa mgongo. Siku nilipoenda, nilikuta maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanaenda tu. Magogo mazima yanapita. Hapa kwetu mto unauvuka wakati wa kiangazi na viatu mkononi. Ule haukungoji."

Soipan aliweka kalamu chini. "Madam, niko na mtoto wa miaka miwili. Anaitwa Saruni. Wewe ulienda na mtoto ama ulimwacha?"

Bedan, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alikohoa.

Nyakio aliangalia ubao. Angeweza kusema tuendelee na habari za benki. "Nilimwacha," alisema. "Ako pale nyuma."

Vichwa vyote viligeuka. Caro aliinua macho kwenye simu. Nyakio alidhani atatoka nje, na huenda hata Caro mwenyewe alidhani hivyo, kwa maana alishika mkoba wake. Lakini aliuliza, kwa sauti ya mtu aliye darasani:

"Kwenye hiyo ramani, wewe ulikuwa unaishi wapi?"

"Sijawahi kukwambia?"

"Ulikuwa unasema tu 'huku'. Huku kuna baridi, huku ni usiku."

Nyakio alichukua chaki. Alama aliyoweka ikawa kubwa kuliko alivyotaka. "Hapa. Barabara ya Grand. Ghorofa ya pili, chini kuna mahali pa kufua nguo. Kazini nilienda na basi namba sabini."

"Dirishani unaona nini?"

"Maegesho ya magari. Kanisa la matofali. Mti mmoja."

"Vyumba vilikuwa vingapi?"

"Kimoja."

Caro aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyepewa jibu la swali jingine. Akarudisha macho kwenye simu. Soipan alikuwa anafuta macho kwa leso, na wawili wengine pia. Bedan alitangaza mapumziko ya chai kabla ya wakati.

Walirudi nyumbani kwa miguu, upepo ukiwatupia vumbi. Karibu na soko Nyakio alisimama.

"Caro, niko na tikiti ya Jumanne."

"Najua."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Unanunua sukari ya robo. Cucu alikuwa ananunua kilo mbili." Caro hakulia. Hilo ndilo lililomuuma Nyakio zaidi. "Ukienda, sawa. Lakini usiniambie ni miaka miwili. Sema tu hujui."

Jumapili Nyakio hakwenda kanisani. Alipakia sanduku, akalipakua, akalipakia tena. Jumatatu alipiga simu Matasia, na dadake alipopokea, Nyakio akakata. Jumanne alasiri, saa aliyopaswa kuwa njiani kwenda uwanja wa ndege, alitoka akatembea hadi mtaa wa Noonkopir na kurudi, kisha akaenda tena, vumbi likamfika magotini. Alipofika nyumbani giza lilikuwa linaingia. Sanduku lilikuwa pale pale, na Caro alikuwa amekaa juu yake, amevaa sare ya shule aliyokuwa akiijaribu, imembana mabegani.

"Ndege imeenda?" Caro aliuliza.

"Imeenda."

Hawakukumbatiana. Caro alisema sare inahitaji kubadilishwa, Nyakio akasema ndiyo, anaona.

Hakupata utulivu baada ya hapo. Tarehe ya kutimiza mwaka nje ya Marekani ilipita, na siku hiyo alivunja vikombe viwili. Alipata kazi kliniki moja mjini, akaiona ndogo, akaenda hivyo hivyo. Soipan naye alisafiri katikati ya Septemba.

Jumatatu moja ya Oktoba, saa moja jioni, simu ililia. Alikuwa Soipan, akipumua kwa nguvu.

"Madam, kuna king'ora mji mzima! Nimejificha dukani, na watu wanatembea tu!"

"Huko ni saa tano asubuhi? Jumatatu ya kwanza ya mwezi?" Nyakio alianza kucheka. "Pole sana, nilisahau kuwaambia. Wanajaribu ving'ora vya kimbunga. Toka tu, hakuna kitu."

Soipan akashusha pumzi, kisha akasema, "Saruni hataki kuongea na simu. Anaangalia pembeni. Si ungeenda unionee?"

Jumamosi Nyakio na Caro walishuka Kajiado. Dadake Soipan, Dinah, aliyeachiwa Saruni, aliishi nyuma ya soko la mifugo. Aliwapokea langoni.

"Takwenya," aliwasalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Nyakio alijibu, kwa lafudhi iliyomfanya Caro acheke.

Saruni alitoka nyuma ya kanga ya Dinah, akatembea hadi mbele ya Nyakio na kuinamisha kichwa kama alivyofundishwa kusalimu wakubwa, akingoja kuguswa. Nyakio aliweka kiganja juu ya nywele fupi zenye joto la jua. Mtoto hakuondoka, naye Nyakio hakuondoa mkono.

"Mpige picha," alimwambia Caro, "tumtumie mamake."