Ukurasa wa Boti Mapendo

Prospère alizima feni ili jenereta iweze kuvuta kompyuta, kisha akaandika "boti Mapendo Kalemie" mbele ya macho ya Evodie. Ikatokea picha ya Papa Florent, mwenye boti, akikata utepe wa parokia, tumbo likiwa limetangulia mkasi. Chini yake, Papa Florent akikabidhi madawati. Tovuti ya Evodie, ambayo Prospère mwenyewe aliitengeneza, haikuonekana popote.

Humo Evodie alikuwa amesema kwamba Mapendo ilipinduka karibu na Zongwe kwa sababu ilijazwa saruji na watu kupita kiasi, kwamba mumewe Zacharie alizama pamoja na wenzake, na kwamba Papa Florent ameivuta nchi kavu, ameipaka rangi mpya, na anaipakia tena. Alitaka kitu kimoja tu: msafiri wa kwenda Moba asome hayo kabla hajapanda.

"Mama, site iko muzuri," Prospère akasema. "Lakini mupekuzi wa injini ya kutafuta hajaiona. Anaingiaka tu kwenye site yenye zingine zinamuonyesha."

"Na mimi nikimuonyesha?"

"Mutu hajionyeshake ye mwenyewe."

Mpekuzi mwenyewe alishuka kutoka meli ya Kigoma asubuhi moja, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi. Alikwenda alikoelekezwa kwa kidole. Mlango ambao hakuelekezwa hakuuona hata akiugonga kwa paji la uso. Kalemie mgeni haachwi njiani, hupelekwa mpaka mlangoni. Huyu naye walimpeleka vizuri sana: parokia, redio, shule, kila mwenye tovuti. Alisoma kila ukurasa akichezesha midomo, kisha akauliza wapi tena.

Evodie alikuwa amewapitia wote kuwaomba wamwelekeze kwake. Redioni walimfungia mlango. Jacob, katibu wa parokia, hakumkaribisha hata kiti.

"Ni Papa Florent njo alitupatia mabati," akasema. "Mama, unataka tunyeshewe sababu ya bwana yako?"

Basi mgeni alipouliza wapi tena, wakatia mikono mifukoni. Akapita mbele ya nyumba ya Evodie, mtaa wa Kataki, naye Evodie akamwita, akamvuta mkono wa shati. Mpekuzi alijikung'uta kama aliyeguswa na nzi. Majirani walitazama kutoka barazani, wakitafuna. Evodie aliwachukia wote, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Mpekuzi akarudi bandarini kungoja meli. Hapo wafu wa Mapendo wakatoa mikono majini, kando ya gati, na kuelekeza Kataki. Mkono wa Zacharie ulijulikana kwa kidole gumba kilichopindwa na kamba. Wapakiaji waliendelea kubeba saruji. Mmoja alilalamika kwamba mikono ile inamzuia kufunga boti.

Mpekuzi alifuata vidole mpaka mlangoni. Evodie akampa ugali wa bukari na dagaa wa ndakala, akala, akasoma yote, akaaga. Jioni ukurasa ulikuwa juu kabisa, juu ya utepe na juu ya tumbo.

Kalemie nzima iliusoma. Jacob aliusoma. Papa Florent aliusomea simuni mwake, akasema picha ya boti imetoka vizuri, kisha akaamuru mifuko mingine ya saruji ipakiwe.

Siku ya safari Evodie alisimama gatini. Abiria waliandika jina la boti kwenye simu zao, wakasoma mpaka mwisho, wakatikisa vichwa, wakafunga simu ndani ya mifuko ya plastiki zisilowe, wakapanda. Barabara ya Moba ilikuwa imekatika kwa mvua, na boti nyingine haikuwepo.

Lucie, dada ya Zacharie, alifika na mtoto mgongoni na mzigo kichwani.

"Umesoma?" Evodie akamuuliza.

"Nimesoma yote, wifi. Umeandika muzuri." Akafungua kitenge. "Unishikie mutoto, nipande kwanza."

Evodie akamshika mtoto. Lucie akapanda, akajibana kati ya mifuko, akageuka na kunyoosha mikono.

Evodie akampa mtoto.