Taa Haizimwi Bila Kicheko

Klabu ilikuwa chini ya duka la vifaa vya umeme: chumba kirefu chenye dari fupi, viti vya plastiki, na jukwaa lisilofika hata magotini. Sehemu ya kwanza ya onyesho wachekeshaji walisimama mmoja mmoja na maikrofoni, kila mtu na utani aliokwisha kuupika nyumbani. Sehemu ya pili ilikuwa ya kundi. Hapo hapakuwa na maikrofoni wala maneno ya kuandaa. Watazamaji walitaja mahali, wawili wakapanda na kuigiza papo kwa papo. Mwenye taa alikaa nyuma na sheria yake moja: hazimi mpaka kicheko kijaze chumba. Kisipojaa, mtabaki hukohuko juu, na jasho ni lenu.

Meno alitaka kuingia kundini. Jina hilo alilipata kwa kazi yake, maana mchana alitengeneza meno bandia. Kwenye maikrofoni hakuwa na wasiwasi. Utani wake wa meno ulikuwa umesuguliwa mpaka ukang'aa, na haujawahi kumwangusha. Kundini alikuwa amejaribiwa mara mbili na kukataliwa mara mbili. Mwalimu, mwanamke mwembamba aliyeliongoza kundi, alimwambia bila kuzunguka kwamba jaribio la tatu ndilo la mwisho.

Kosa lake lilijulikana. Mara ya pili aliigiza na Kobe, mmoja wa kundi, dereva wa lori, mtu mzima mwenye mwili mkubwa aliyefanya kila kitu taratibu. Kobe, ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake, aliinama mbele yake na kusema, "Shikamoo, bibi."

"Bibi yako si tulishamzika?" Meno alijibu hapohapo.

Chumba kiliangua kicheko, taa zikazimwa, naye akashuka kifua mbele. Mwalimu alikuwa akimngoja pembeni.

"Kicheko umepata. Kobe umemwachia nini?"

"Watu wamecheka, Mwalimu."

"Wamecheka, na mwenzako amebaki kama nguo kwenye kamba. Alikupa ubibi, ukamrushia usoni. Hapa ukipewa kitu unapokea, kisha unaongeza chako. Wewe bado unaigiza peke yako, ila safari hii umesimamisha mtu karibu."

Mama yake mdogo, aliyekuwa akikaa naye, hakuona sababu ya kumbembeleza.

"Kuchekesha watu nako kuna mtihani? Si uache tu, mwanangu."

"Siachi, mama mdogo," Meno alisema akibamiza sufuria mezani.

"Basi usinipigie masufuria. Hayajakukosea."

Hakuacha. Aliamua kujizoeza kupokea, na mtu wa kumzoeza alikuwa yupo palepale nyumbani. Kila alichoambiwa na mama mdogo alikikubali na kukiongezea.

"Chai umeimaliza yote?"

"Ndiyo, mama mdogo, na birika nimeliuza."

Mama mdogo alikwenda jikoni kuhakikisha. Aliporudi alisema mtoto wa dada yake ameharibika kichwa, lakini kesho yake alianza yeye: alimwita mbele ya mgeni na kumtambulisha kuwa ni rubani. Meno aliomba radhi kwa ndege kuchelewa. Siku nyingine neno la kukataa lilimponyoka kabla hajalizuia, mama mdogo akaguna tu, "Umefeli." Aliendelea hivyohivyo hadi siku ya jaribio.

Siku hiyo chumba kilikuwa kimejaa. Kobe alikuwa amesimama upande mmoja wa jukwaa, Meno upande wa pili.

"Tupeni mahali," Mwalimu aliwaambia watazamaji.

"Duka la majeneza," alisema mwanamume mmoja wa mstari wa nyuma.

Chumba kikanywea. Mtu mmoja alisonya. Mwalimu hakubadilisha: mahali pakishatajwa, pametajwa. Taa zikawaka.

Meno aliinama na kuanza kusugua mfuniko usiokuwapo, kwa mkono uleule unaosugua meno mchana, akifuata ukingo na kupuliza vumbi. Kobe aliingia. Alizunguka duka polepole, akagonga jeneza moja, akasikiliza, akagonga la pili. Hakuna aliyecheka. Kiti kililia, mtu akakohoa, na mwenye taa alikuwa ametulia kama mwamba.

Hapo ule utani wa meno ukampanda hadi ncha ya ulimi. Ulifaa kabisa: maiti, meno bandia, nani anarithi. Angeusema, chumba kingelipuka, taa zingezimwa, na Kobe angebaki na mkono wake hewani. Meno alibana midomo na kuendelea kusugua.

Kobe aligeuka, akainama. "Shikamoo, bibi."

Meno alikunja mgongo, akashika kiuno, akajivuta kwa shida hadi karibu naye. "Marahaba, mjukuu wangu. Sogea, macho yangu hayaoni mbali. Wewe si ndiye wa juzi?"

Kobe alimtazama kidogo. Hakuwa ametarajia kupewa juzi. "Ndiye mimi, bibi. Nimekuja kurudisha lile jeneza."

Wachache walicheka, wakajizuia.

"La baba mkwe wako?"

"Lilelile."

"Lina kasoro gani? Limembana?"

"Hapana, bibi." Kobe alishusha kichwa. "Amepona."

Meno alimwekea mkono begani. "Pole sana, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kumfariji mfiwa.

Kicheko kilianzia mbele, kikapita katikati na kumfikia hata yule aliyesonya. Taa zikazimwa.

Pembeni, Mwalimu alikuwa akimimina maji kwenye glasi. Hakumpa.

"Utani wa meno ulikujia?"

"Ulikuja."

"Niliuona mdomoni. Na hilo la juzi ulilitoa wapi?"

"Sijui. Nilimwona tu anahitaji sababu ya kuja dukani."

Mwalimu alikunywa maji yote, akaweka glasi chini. "Umeingia kundini. Usidhani umeshajua. Ungeweza kumuuliza gharama za mazishi, mkapata dakika nyingine nzuri, lakini ulikimbilia kufunga."

"Nimesikia. Mazoezi ni lini?"

"Mazoezi ya nini? Kobe bado yuko juu, na mwenzake wa igizo linalofuata homa imemlaza."

Kule jukwaani mtazamaji alikuwa amekwisha kutaja mahali: darasani. Meno alifunga kamba ya kiatu na kupanda gizani. Taa zilipowaka, Kobe alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameikunja, kidole kiko juu kikiomba ruhusa ya kuuliza.

"Wewe mkubwa wa nyuma," Meno alisema. "Uliza."