Bushi za Marsedi ya Mithqal

Basi huyo Mithqal, fundi wa magari wa mji wa Zarqa, alikuwa chini ya Marsedi yake kuukuu. Bushi za zamani, zile raba za miguu ya gari, alizitoa zimesagika kama tumbaku, gari ilikuwa inakwenda upogo. Mpya zimeshaingia, gurudumu limerudi, bado nati za bushi tu. Na haraka ilikuwepo, maana mtoto wa kaka yake aliua mtu, wazee wakauombea ukoo wao siku tatu za amani, nazo zinaisha leo kwa adhana ya alasiri. Kwa mila kisasi humfika ndugu yeyote; ikimkuta Mithqal mjini, damu yake halali.

"Baba Rakan, kaza hizo nati twende," mkewe akasema toka mlangoni.

"Hazikazwi gari ikiwa juu, mama. Ikae kwanza kwa uzito wake, la sivyo raba inachanika. Nimekwambia mara ngapi?"

"Kila nikiwa na haraka."

Hayil, mdogo wa yule aliyeuawa, hakungoja adhana. Aliingia na nondo, akaipiga jeki teke. Gari ikashuka, vidole viwili vya Mithqal vikasagika kwenye chuma. Akavinyofoa, nyie acheni tu, akainuka na bomba la spana, akamvunja Hayil taya. Hayil akamchapa nondo ya mbavu. Wakagaragara kwenye oili na damu, hata Mithqal akampasua kichwa, akainua bomba ammalize.

Hayil akatambaa mpaka mlango wa nyumba, akashika miguu ya mke wa Mithqal. "Nimeingia kwako, mama, nihifadhi."

Mama akavua joho lake la juu, akamfunika.

"Toka hapo," Mithqal akasema. "Kaja kuniua huyo."

"Na amekosa. Kashaingia kwangu. Usinitie aibu."

Kaka yake Mithqal akaja mbio na bastola, amtoe roho Hayil. Mithqal, huku analia kwa hasira, akamvunja pua kaka yake mwenyewe kwa lile bomba.

Adhana ikalia. Njia ya kukimbilia ilikuwa wazi. Lakini aliyeingia kwako unamfikisha kwao akiwa hai, hakuna mjadala. Mithqal akakaza nati kwa mkono mmoja, akamlaza Hayil kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mama. Gari ikaenda imenyooka mpaka mtaa wa kina Hayil.

Wanaume wakaziba barabara na bunduki. Mithqal akashuka, akafungua mlango wa nyuma, wamwone ndugu yao anapumua.

Baba yake Hayil akamtazama mwanawe, akashusha mtutu.

"Mwanamke apewe maji," akasema. "Na wewe lete huo mkono tuufunge."