Filamu ya Mama Mkwe

Mama mkwe alipovunjika nyonga, mwanawe alimleta nyumbani kwake akapone. Mwana mwenyewe ni fundi wa friji, kutwa yuko nje na sanduku lake la spana, kwa hiyo aliyebaki na mgonjwa ni mkewe, mshonaji, ambaye cherehani yake ilikuwa hapo hapo sebuleni, kando ya dirisha. Wanawake wawili, chumba kimoja, asubuhi hadi jioni, na hawakuwa wamezoeana.

Si kwamba waligombana. Afadhali wangegombana. Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache, na yote ya adabu. Mshonaji alimwita Mama, naye alimwita Fundi, kama wateja wanavyomwita. "Fundi, naomba maji." "Fundi, ahsante." Kila mara mshonaji alilimeza neno hilo kama kidonge bila maji, akainamia kitambaa chake na kukanyaga cherehani kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Televisheni ilikuwa ikiwashwa mchana ili kuvunja kimya. Mama mkwe aliitazama kama mtu anayetazama mvua ya kwa jirani. Siku moja katikati ya tamthilia iliyojaa vilio, akasema, "Siku hizi hawatengenezi filamu. Wanatengeneza kelele."

"Mama anapenda filamu gani?" mshonaji akauliza, bila kuinua macho kwenye kola aliyokuwa akiigeuza.

Mama mkwe akasema, "Ile ya seremala."

Na kwa mara ya kwanza tangu aletwe, alizungumza mfululizo. Kuna seremala na mkewe. Wanagombana kwa jambo dogo tu, mke anafunga virago, anapanda treni. Anakaa huko, dunia inampiga. Mwishowe anarudi kwa miguu, usiku, mvua inanyesha, nguo zimemganda mwilini. Anasukuma mlango. Mumewe yuko ndani, anatengeneza mguu wa kiti. Hainui hata kichwa. Anamwambia, "Umechelewa. Chakula chako nimekifunika."

Mshonaji akageuka, akaona kwamba mkono wa yule mama umekamata ukingo wa shuka.

"Basi?" akauliza.

"Basi. Inaishia hapo. Unataka nini tena?"

Jioni mshonaji alimweleza mumewe. Mume, ambaye alipenda kutengeneza mambo lakini si mazungumzo, alifurahi kupata kazi. Alikwenda kwa muuza filamu wa mjini, akamweleza seremala, treni, mvua, kiti. Muuza filamu alikuna kichwa, akapekua, akamwambia aje kesho. Kesho yake fundi wa friji alirudi na flashi mfukoni, anachekacheka peke yake.

Walikaa watatu sebuleni Jumapili mchana, pazia limeshushwa. Filamu ilikuwa ya kigeni, lugha hata haijulikani ya wapi, na tafsiri imeandikwa chini ya picha. Miwani ya mama mkwe haikuyafikia maandishi yale madogo, kwa hiyo mshonaji alisoma kwa sauti. Hawakufika mbali.

"Hasemi hivyo," alisema mama mkwe.

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mama."

"Mwandishi kakosea. Hapo mke anasema, 'Mimi si msumari, unipigilie utakavyo.'"

Mshonaji alitazama maandishi. Mke alikuwa amesema, "Sitaki kuzungumza sasa." Akaona aache kubishana. Wakaenda hivyo hivyo, yeye anasoma, mama mkwe anasahihisha, fundi wa friji anatafuna kucha, mpaka mvua ikaanza kunyesha kwenye kioo cha televisheni na mke akasukuma mlango. Seremala hakuinua kichwa. Akafungua mdomo.

"'Funga mlango,'" mshonaji akasoma polepole. "'Upepo unapeperusha vumbi la mbao.'"

Picha ikaganda, majina yakaanza kupanda.

"Vumbi?" alisema mama mkwe. "Mtu katembea na mvua usiku kucha anaambiwa habari za vumbi? Hii siyo yenyewe. Mmeletewa ya bandia."

Aliomba asaidiwe kurudi chumbani. Mlango ulipofungwa, mume na mke walitazamana.

"Lakini ni yenyewe," alisema mume. "Kiti kipo, treni ipo."

"Mama aliiona wapi?"

"Bila shaka kwenye ukumbi wa video, zamani hizo. Kulikuwa na jamaa anakaa mbele na kipaza sauti anawatafsiria watu. Redio, walimwita. Wakati mwingine watu walimfuata yeye, si filamu." Akafikiri kidogo. "Yupo bado. Ndiye anayetangaza magodoro pale sokoni."

Mshonaji alikuwa na safari ya kununua nyuzi. Alimkuta Redio mbele ya duka, mzee mwembamba mwenye kofia, anawahakikishia wapita njia kwamba godoro hili likikulaza leo, kuamka ni hiari yako. Alimsubiri amalize. Alipomweleza habari za seremala na lile vumbi, Redio alizima kipaza sauti chake.

"Nani anaikumbuka ile?" aliuliza, na sauti yake bila kipaza ilikuwa ndogo, ya kawaida kabisa.

Alikuja Jumapili iliyofuata, amenyoa ndevu. Mama mkwe alimtazama kutoka kwenye kiti chake, akamtazama tena.

"Umezeeka," alimwambia.

"Shikamoo na wewe," alijibu Redio, na wote wakacheka.

Wakazima sauti ya televisheni kabisa. Redio akakaa kwenye kigoda pembeni ya kioo, mikono magotini, akaanza. Mshonaji alikuwa amejiandaa kucheka, lakini baada ya dakika chache alisahau kwamba yule mzee yupo. Mke alifoka kwa sauti ya mke, treni ililia, mwenye nyumba ya wageni alikohoa kikohozi cha mtu bahili. Hata mbwa aliyepita nyuma ya picha alipewa neno. Na msumari ulikuwepo, mahali pake.

Mvua ikaanza. Mke akasukuma mlango. Redio alishusha pumzi, na sauti ikatoka chini, nzito, ya mwanaume asiyejua aweke wapi furaha yake. "Umechelewa. Chakula chako nimekifunika."

Majina yalipanda hadi mwisho.

"Hebu niambie kweli, mzee," mshonaji aliuliza hatimaye. "Lugha yao ulikuwa unaijua?"

"Hata salamu."

"Sasa maneno uliyatoa wapi?"

"Nilikuwa natazama." Redio aliomba picha irudishwe nyuma kidogo, kisha akasimama, akagusa kioo kwa kidole. "Simamisha hapo. Unaona mezani, nyuma ya bega lake? Hicho nini?"

Mshonaji alisogea. Nyuma ya seremala, kwenye giza la jiko, palikuwa na meza. Juu yake sahani, na juu ya sahani, sahani nyingine, imefunika.

"Mke hayupo nyumbani siku zote hizo," alisema Redio, "na mtu kafunika chakula. Mimi ningesema nini? Mdomo wake aliutumia kwa vumbi, shauri yake. Sahani ilikuwa inasema peke yake."

Mama mkwe alikuwa ameinama mbele, macho kodo. "Sikuwahi kuiona," alisema. "Miaka yote, sahani sikuiona."

Chai ililetwa. Ndipo, huku akikoroga sukari iliyokwisha yeyuka zamani, mama mkwe akawaambia. Siku alipoiona ile filamu alikuwa amemkimbia mumewe. Alikuwa kwa dada yake, ameapa harudi, na dada alimpeleka kwenye video ili apumzishe kilio. Asubuhi yake alifunga kifurushi chake akarudi.

Fundi wa friji alishusha kikombe. "Mama, hukuwahi kusema."

"Ulikuwa hujazaliwa. Ungeambiwa ili ufanye nini?"

"Na baba?" mshonaji aliuliza. "Alikuwa amekufunikia chakula?"

Mama mkwe alicheka mpaka akashika nyonga yake. "Baba yako yule! Nilimkuta amelala na viatu, jiko baridi, sufuria zote chafu. Nikasimama mlangoni nikajiambia, haya, huyu hana maneno na hana sahani. Lakini kafungua jicho moja, kaniona, kavua viatu haraka haraka kama mtoto. Nikaingia." Akanywa chai. "Nisingemsikia Redio, hata mlangoni nisingefika. Halafu kumbe mwenyewe alikuwa anabuni!"

"Nilikuwa natazama," Redio alisema tena, amejikunja kidogo.

"Mimi ile ya vumbi pia naipenda," alisema mshonaji. Wote wakamgeukia, naye uso ukamwaka moto, lakini akaendelea. "Kamwambia afunge mlango. Hakumwambia aufunge akiwa nje."

Mama mkwe alimsogezea kikombe chake. "Hilo nalo neno," alisema. "Mwanangu, niongezee chai."

Tangu hapo, mchana, cherehani ilipopumzika, walitazama pamoja. Siku moja mama mkwe aliuliza, "Na wewe? Yako ni ipi?"

Mshonaji aliona haya. Akaweka filamu moja kuukuu ya watu wanaocheza dansi kwenye ukumbi mkubwa, magauni yanafagia sakafu.

"Huyu ni mke wa nani?" aliuliza mama mkwe baada ya muda.

"Sijui, Mama."

"Mbona analia?"

"Sijui. Nimeiona mara nyingi sana lakini hadithi yake siifuati. Natazama mishono. Tazama bega hilo lilivyokaa. Hakuna kunjo hata moja, na anacheza!"

Mama mkwe alivua miwani, akaipangusa kwa pembe ya khanga, akaivaa tena. Yule mwanamke wa kwenye kioo aligeuka, akapotea kati ya wachezaji.

"Rudisha," alisema mama mkwe. "Mgongo wake sijauona vizuri."